Maswali ya Wasomaji: Waifai Isiyo na Msimamo

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kila siku saa kumi na mbili jioni huwasomesha kwa video wajukuu zangu walioko Muscat, ambako wakati huo ni saa moja usiku. Ninalipia intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde. Kompyuta yangu ni ya mapajani, inatumia Windows, na niliinunua mwaka 2012. Nikipima kasi asubuhi hupata 17 au 18, lakini jioni hupanda na kushuka, mara 12, mara 2, na sura za watoto huganda midomo wazi. Simu yangu, katika chumba hicho hicho, haishuki chini ya 18. Fundi wa kampuni alikuja asubuhi moja, akapima kwa simu yake, akasema laini haina kasoro, kompyuta ndiyo iliyozeeka, niitupe. Meza yangu iko ubavuni mwa jiko, ruta iko sebuleni, na baina yake kuna kuta mbili za mawe. Je, ni kweli kwamba dawa ni kununua nyingine? — Mwalimu mstaafu, Mombasa

JIBU: Mwalimu, usiitupe, angalau usiitupe kwa sababu hiyo uliyopewa. Kompyuta iliyochakaa saa mbili asubuhi imechakaa vile vile saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo uchakavu unaweza kueleza kwa nini kasi haivuki kiwango fulani, lakini hauwezi peke yake kueleza kwa nini kasi ileile iwe 18 asubuhi na 2 magharibi. Kasi isiyotulia hutafutiwa sababu katika vitu visivyotulia, navyo katika nyumba yako ni vitatu: laini ya kampuni, hewa iliyo baina ya ruta na meza yako, na shughuli ambazo kompyuta inazifanya wakati huo bila ya kukuarifu.

Kwanza tuiondoe simu katika ushahidi. Kompyuta nyingi za mapajani za bei ya kawaida zilizouzwa mwaka 2012 zina kadi ya waifai ya kiwango cha 802.11n, kilichopitishwa mwaka 2009, inayotumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake na mara nyingi kwa antena moja. Simu za miaka ya karibuni, pamoja na masafa hayo, hutumia pia ya gigahezi 5, ambayo yana nafasi pana zaidi na watumiaji wachache zaidi. Simu yako na kompyuta yako zinaweza kulala juu ya meza moja na bado zisipite njia moja. Fundi aliyepima kwa simu, tena asubuhi, alipima barabara ambayo kompyuta yako haipiti, katika saa ambayo wewe huna malalamiko nayo. Na hata kwa hesabu tupu hukumu yake haisimami, kwa maana kadi ya namna hiyo, hewa ikiwa safi, hupatana na ruta kwa megabiti 72 kwa sekunde, na ingawa sehemu kubwa ya kiasi hicho huliwa na taratibu za mawasiliano yenyewe, kinachobaki kinatosha kubeba 20 zako bila taabu.

Jaribio la kwanza ninalokuomba ufanye halina gharama kubwa: jioni, saa ileile ya darasa, ichukue kompyuta sebuleni, uiunganishe na ruta kwa waya wa mtandao, uzime waifai ya kompyuta, kisha upime mara tatu au nne kwa kuachanisha dakika chache. Hata tundu la waya la kompyuta ya zamani hupitisha megabiti 100 kwa sekunde. Ikiwa kwa waya nako kasi inayumba, na umeme wa kompyuta umechomekwa, na hakuna mwingine nyumbani anayepakua kitu, basi tatizo ama ni la kampuni, ambayo laini zake huelemewa wateja wote wanaporudi majumbani, ama liko ndani ya kompyuta. Ikiwa kwa waya kasi imetulia, kampuni imetoka katika kesi, na sisi tunarudi hewani.

Ili uione hewa yenyewe, fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika ipconfig, na utafute anwani ya ruta, ambayo katika nyumba nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha rudi mezani pako, ukiwa kwenye waifai, na uandike ping -t ikifuatiwa na anwani hiyo. Kompyuta itaanza kuibishia ruta hodi kila sekunde na kuandika imejibiwa baada ya milisekunde ngapi. Majibu haya hayatoki nje ya nyumba, kwa hiyo kampuni haihusiki nayo hata kidogo. Yakiwa ni ya milisekunde chache na yanafanana, hewa ni nzuri. Yakiruka kutoka 3 hadi 400, au mengine yakipotea kabisa, umekwisha kumkamata mhalifu. Liache dirisha hilo wazi darasa zima, na ukiona namba zinaharibika ghafla, inua macho uangalie kinachoendelea nyumbani.

Nasema inua macho kwa sababu umeniambia kwamba meza iko ubavuni mwa jiko. Ikiwa humo mna maikrowevu, na wakati wa darasa ndio wakati wa kupasha chakula moto, basi una jirani mbaya: maikrowevu huchemsha chakula kwa mawimbi ya karibu na gigahezi 2.45, yaani katikati ya masafa yaleyale ambayo kadi yako inayategemea, na kidogo kinachovuja, ambacho hakimdhuru mtu, kinatosha kuivuruga waifai iliyokwisha kudhoofishwa na kuta mbili. Kuta za Mji wa Kale nazo si haba. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko matofali ya nyumba za siku hizi, na kinachofika mezani pako ni mabaki ya nguvu iliyotoka sebuleni. Asubuhi mabaki hayo yanatosha kwa kuwa mtaa umetulia. Jioni, nyumba zilizogusana kuta, kila moja na ruta yake, zote huanza kusema kwa pamoja, na mwenye sauti ndogo ndiye asiyesikika.

Kelele za majirani huwezi kuzizima, lakini unaweza kuzikwepa. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika njia ndogo ziitwazo chaneli, na tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ndizo zisizoingiliana. Pakua katika simu programu ya kuchungulia waifai za jirani, tazama jioni ni ipi kati ya tatu hizo yenye watu wachache, kisha ingia katika mipangilio ya ruta uiweke hapo, na upana wa chaneli uuache megahezi 20 hata kama ruta inakushawishi kwa 40, kwa sababu mtaani kwenu upana huo ni kujitafutia ugomvi na watu wengi zaidi. Ukiwa humo, hakikisha ulinzi wa nywila ni WPA2 wa aina ya AES; ule wa zamani wa TKIP huzilazimisha kadi za 802.11n kurudi nyuma hadi megabiti 54. Na ruta yenyewe itoe nyuma ya televisheni, uiweke juu, karibu na mlango.

Sasa turudi kwenye kompyuta, ambayo sikusema haina lawama. Naona kana kwamba huiwasha jioni tu, kwa ajili ya darasa. Ikiwa ndivyo, hapo pana mtego ambao wengi hawauoni: kompyuta iliyolala mchana kutwa, ikiamshwa, hukumbuka kazi zake zote kwa wakati mmoja. Windows hutafuta masasisho yake, programu ya kuzuia virusi hupakua orodha mpya na kuanza ukaguzi, kivinjari hujisasisha, na picha hupelekwa katika hifadhi ya mtandaoni, na yote haya hushindana na wajukuu zako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue orodha ya kazi za kompyuta (Task Manager), utazame nani anakula mtandao, na pia kama prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, au diski imefika asilimia 100, kwa sababu prosesa iliyozidiwa hugandisha video na hata kupotosha kipimo cha kasi wakati intaneti haina kosa lolote. Iwashe saa moja kabla ya darasa, iache imalize haja zake. Tena, usifundishe kwa betri: zinapotumia betri, kompyuta nyingi huipunguzia nguvu kadi ya waifai ili chaji idumu.

Kama baada ya yote hayo hewa ya gigahezi 2.4 imekataa kutulia, hapo ndipo ufungue mkoba, lakini si kwa kompyuta nzima. Tazama kwanza maelezo ya waifai katika simu yako ukiwa mezani. Ikiwa imeunganishwa kwa gigahezi 5, basi simu imekwisha kukuthibitishia kwamba masafa hayo yanapenya kuta zako, nawe waweza kununua kadi ndogo ya waifai ya kuchomeka kwenye USB, yenye masafa yote mawili. Muulize muuzaji kama inakubaliana na toleo lako la Windows kabla ya kulipa. Mimi, lau ningekuwa wewe, ningetandaza waya kutoka sebuleni hadi mezani. Si mapambo, nakubali, lakini waya haujui jioni wala maikrowevu.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina kompyuta ya zamani na ninalipia megabiti 20 kwa sekunde, lakini kila nikipakua faili kubwa kivinjari huonyesha 2.4 tu. Je, kampuni inaniibia? — Msomaji, Tanga

JIBU: La, ndugu. Kampuni huuza kwa megabiti na kivinjari huhesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawa 20 kwa 8 utapata 2.5, kwa hiyo hiyo 2.4 ni karibu yote uliyolipia.