Andika Jina Kabla ya Kuwasha Kamera

Wadogo zangu mnaokuja kuungana nasi katika kazi ya kurekodi ngoma, uchongaji, ufinyanzi na masimulizi ya wazee huku Mtwara na Lindi, karibuni sana. Mnakuja na simu zenye uwezo ambao nilipoanza mwaka 2013 sikuuota. Karibu kila mmoja wenu ameniuliza anunue kamera gani, na nitalifikia hilo. Ila kwanza nunueni daftari la jalada gumu na kalamu mbili, kwa sababu somo kubwa nililonalo limo humo, na nililipata kwa uchungu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimrekodi bibi mmoja, kijiji cha jirani na Newala, akifinyanga chungu. Hakuwa na gurudumu. Alikanda udongo ameketi, kisha akasimama, akainama, akawa anakizunguka chungu yeye mwenyewe kinyumenyume, mkono mmoja ndani, mwingine nje ukikwangua kwa gunzi la muhindi. Mwisho akakisugua kwa kokoto nyeusi, laini kama yai, ambayo alisema ameachiwa na mama yake. Niliondoka pale na dakika arobaini za video safi, mwanga mzuri, sauti nzuri. Faili nikaliita "mfinyanzi newala".

Miaka mitatu baadaye mjukuu wake, binti wa sekondari, akaiona video ile kwenye simu ya mtu. Chini yake paliandikwa: "Mwanamke wa Kimakonde akifinyanga." Akaniulizia mpaka akanifikia nyumbani Chikongola. Hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, kwani bibi hukumuuliza jina?" Bibi alikuwa ameshafariki. Nilikuwa nimekula ming'oko yake, nimemwita bibi kutwa nzima, na jina lake sikuliandika popote. Binti akanitajia jina kamili, akanitajia na la mama yake bibi, halafu akanieleza jambo ambalo sikulijua: ile kokoto ilitoka ng'ambo ya Ruvuma, mama yake bibi alivuka nayo akija huku. Kamera yangu iliipiga picha dakika nzima bila mimi kujua naangalia nini.

(Majina yao siyataji hapa. Familia imeomba yakae kwenye rekodi yenyewe na pale kijijini, nami natii. Hilo nalo mlizoee: aliyewapa jina lake ndiye anayeamua liende mpaka wapi.)

Jina lina kazi, na kazi yake pengine huonekana baada ya miaka mia. Tazameni Tendaguru, kile kilima cha huku Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani, ulioongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba pale mifupa ya dinosaria. Waliochimba, waliofunga mizigo na walioibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi ni mamia ya watu wa huku. Mnyama aliye maarufu kuliko wote, Giraffatitan brancai, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Hilo "brancai" limetokana na Wilhelm Branca, mkurugenzi wa makumbusho hayo enzi hizo. Kwa muda mrefu nilidhani hadithi imeishia hapo: mifupa yetu, majina yao.

Kumbe haikuishia hapo. Mwaka 2007 sehemu ya mifupa ile ile iliyochimbwa zamani ilipochunguzwa upya, ilionekana ni ya mnyama ambaye hakuwahi kuelezwa. Akaitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji na fundi mkuu wa kuandaa mifupa. Mwaka 2019 akaja mwingine, Wamweracaudia keranjei. Wamwera ndio wenyeji wa kule, na Keranje ni Mohammadi Keranje, naye msimamizi wa uchimbaji. Mnaona ilivyokuwa? Wanyama hao hawakukutwa porini, walikutwa kabatini, ndani ya vitu vilivyokwisha kuchimbwa na kuhifadhiwa. Na heshima kwa watu hao wawili iliwezekana kwa sababu kuna mtu aliwaandika. Wengine waliobeba mizigo ile kichwani hadi pwani, sisi wajukuu zao tungependa sana kuwataja.

Kwa hiyo msianze kazi kwa kusema "haya hayajawahi kurekodiwa". Mwaka 1906 Karl Weule, aliyekuja kutoka makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi, Newala hadi Mikindani akiwa na fonografu, mashine ya zamani ya kunasa sauti, akirekodi nyimbo za huku kwenye mitungi ya nta. Mtungi mmoja ulibeba dakika mbili tatu tu, na kila unapochezwa sindano huula kidogo. Wewe una simu inayorekodi saa nyingi. Ukimrekodi mtu saa tatu ukashindwa kuandika mstari mmoja wa yeye ni nani, umefanya kazi duni kuliko ya mtungi wa nta, na nalisema hili nikijua nililifanya mimi mwenyewe.

Sasa kamera. Simu uliyonayo inatosha. Kinachowashinda wengi ni mwanga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipojifunza kwamba mwalimu wa teknolojia anaweza kuwa mzee asiye na simu.

Tulikwenda kwa mchongaji mmoja Mtwara Vijijini kuchukua umbo la pande tatu la kinyago cha mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliopandana na kushikana kama mnyororo. Kazi hiyo hufanywa kwa picha nyingi: unakizunguka kitu, unapiga, na programu inatafuta alama zinazofanana kati ya picha moja na nyingine, kisha inapiga hesabu ya kila alama iko umbali gani, mpaka umbo zima linajengeka na mtu aliye Dodoma anaweza kuligeuzageuza kwenye skrini. Tulipiga picha 140, saa saba mchana, uwanjani. Umbo lililotoka lilikuwa na matundu vifuani, na watu watatu wa juu wameungana kuwa donge.

Sababu yake ni mpingo. Moyo wa mti huo ni mweusi, na ukishapigwa msasa na kung'arishwa, unaakisi jua kama kioo. Ule mng'ao haukai mahali pamoja, unahama kadiri mpigapicha anavyohama, na programu inaudhani ni alama ya kwenye mti. Ndiyo maana ilichanganyikiwa.

Mzee akaitazama ile picha kwenye kompyuta kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mpingo hauangaliwi kwa jua la utosini." Akakibeba kinyago hadi chini ya mkorosho, akakiweka juu ya mkeka. Akatueleza kwamba yeye hukagua kazi yake asubuhi, mwanga ukiwa unakuja kwa ubavuni, kwa sababu ndipo makovu ya tezo na patasi yanapojionyesha. Akishamaliza macho, anafumba, anapitisha kidole gumba. Tukapiga upya pale pale kivulini. Mkeka wenyewe, ukindu wa rangi mbili, ukatusaidia bila sisi kupanga, kwa sababu ile milia iliipa programu alama za kushika. Umbo likatoka zima, hadi kucha za miguu.

Tangu siku hiyo naenda hivi, nanyi nendeni hivi. Kivulini au siku ya mawingu. Flashi imezimwa. Kinyago hakiguswi, unazunguka wewe, mara tatu: ukiwa umechuchumaa, ukiwa usawa wake, na ukiwa juu yake. Kila picha ibebe walau theluthi mbili za kilichomo katika picha iliyotangulia. Rula iwekwe pembeni, maana umbo lisilo na kipimo halimwambii mtu kama kitu ni cha kiganjani au cha kimo cha mlango. Na kuna ujanja wa kupaka poda ili kitu kisiakisi; msiutumie kwenye kazi ya mtu bila yeye kukubali.

Siku hiyo hiyo nilimuuliza mzee swali ambalo halikuwa kwenye orodha yetu: kwa nini ile karatasi ya kusugulia tunaiita msasa? Akainuka, akachuma jani la mti uliokuwa nyuma ya nyumba, akanipitishia mgongoni mwa mkono. Linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mti huo ndio msasa, na majani yake ndiyo yaliyosugulia mbao kabla karatasi hazijafika. Neno nimelitamka tangu utotoni na sikujua kwamba lilikuwa limeota pale. Orodha ya maswali beba, lakini acha nafasi ya swali linalokujia ukiwa pale. Mambo mapya niliyopata katika kazi hii, karibu yote yameingilia mlango huo.

Kuhusu ngoma. Wengi hufika, hutega simu, husubiri ngoma "ianze". Wakati huo nyuma ya nyumba wapigaji wamewasha moto wa majani makavu, wanaikaza ngozi. Ngoma inasogezwa motoni, inagongwa kwa kidole, sikio linainamishwa, inarudishwa tena. Ile ni elimu ya sauti, inafanyika mbele yako, nawe umekaa mbele ya uwanja uliolala. Rekodi kuanzia motoni. Muulize mpigaji anasikiliza nini, na ngoma ile inaitwaje, kwa sababu kila moja katika kundi ina jina lake na kazi yake. Kisha punguza kiwango cha sauti kwa mkono kabla hawajaanza kwa nguvu. Ukiiachia simu ijipangie yenyewe, pigo la kwanza la sindimba litapasua sauti na hakuna programu itakayoirudisha. Simama mbali hatua kumi. Upepo wa Mikindani nao usiudharau, funika maiki hata kwa kitambaa.

Hapo juu nimesisitiza majina. Kuna mahali msiulize jina kamwe. Lipiko, yaani mchezaji wa Kimakonde aliyevaa kinyago (wakiwa wengi, mapiko), likitoka kucheza, yule aliye ndani ya kinyago hatajwi. Kwa desturi ya Wamakonde siri hiyo ilikuwa ya wanaume waliopita jando, na ndiyo nguvu ya mchezo wenyewe. Andika kijiji, andika wapigaji wakiridhia, andika fundi aliyechonga ukielezwa. Mchezaji mwache. Mimi ni mwanamke, kuna maswali ya mapiko ambayo sistahili kuyauliza, nami siyaulizi. Vilevile kuna ya unyago ninayoyajua na sitayaweka kwenye kadi ya kumbukumbu. Ukiambiwa "zima," zima papo hapo, na simu itoe mkononi ionekane umezima. Kitu ambacho hakikurekodiwa kwa sababu wenyewe wamekataa hakijapotea. Kipo kwa wenyewe.

Na vinyago hivi vinatembea, mkumbuke. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaja kuonekana katika makumbusho ya Geneva, Uswisi, na kikarudi nchini mwaka 2010. Kile kilikuwa cha makumbusho na kina kumbukumbu zake. Cha babu yako kilichouzwa barabarani bila hata picha moja utakidai kwa lipi?

Kuhifadhi ni rahisi, ila kunataka nidhamu ya kila jioni. Tarehe, kijiji, kitu, namba, kwa mpangilio huo: "2024-07-14_Kitangari_ngoma_01". Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa, kwa sababu mwizi au mvua haichagui diski. WhatsApp si ghala, inabana picha na kupunguza ubora wa sauti. Unyevu wa pwani unaotesha ukungu kwenye lenzi, weka kamera kwenye kopo lenye mfuniko na mchele uliokaushwa kwa moto.

Nenda msimu mzuri. Wakati wa kuokota korosho usimwombe mtu siku nzima. Kila saa anayokupa ina gharama shambani kwake. Ukikuta wanaokota, okota nao.

Na rudisheni. Nilipompata binti yule niliiweka video kwenye flashi, nikaenda nayo kijijini, tukaitazama jioni kwenye televisheni ya jirani. Watoto walicheka kumwona bibi akitembea kinyumenyume. Mama mmoja akasema pale bibi anapokoroma koo ndipo huwa anahesabu mizunguko, akaanza kuhesabu naye kwa sauti. Nikatoa daftari. Kokoto anayo binti siku hizi, naye ameanza kufinyanga. Aliileta imefungwa kwenye leso. Nikaiweka juu ya mkeka kivulini, rula pembeni, na kabla ya kupiga picha nikaandika majina matatu: la aliyevuka nayo Ruvuma, la bibi, na la binti.