Muulizeni na baba, tena zaidi ya mara moja

Mmeuliza wiki hii tumsaidieje mwanaume aliyepata mtoto juzi juzi asije akaelemewa kichwani. Mi naanza na hili, msisubiri aje aseme ana huzuni maana hatasema, wengi wetu sonona ikitushika haitoki kama machozi, inatoka kama hasira za ovyo, ukali kwa vitu vidogo, kunywa kuliko zamani, au kazi, yani mtu ghafla hataki kutoka kazini. Shemeji yangu alikuwa akifika nyumbani anazima gari anabaki humo humo kwenye kiti, giza, simu mkononi na wala haigusi, dada anamchungulia dirishani anajua jamaa anachati na mwanamke. Wala hakuna mwanamke. Alikuwa anaogopa kuingia ndani, baadae sana ndo akasema kila akisikia mtoto analia anajiona hana faida yoyote humo ndani.

Na hilo la kujiona hana faida tunalitengeneza wenyewe jamani. Baba anamchukua mtoto ambeulishe, hata hajamweka begani vizuri kuna mtu mzima ashanyoosha mikono, lete huku, hashikwi hivo utamvunja shingo! Mara ya kwanza anacheka, baada ya siku kadhaa hamchukui tena, af mnaanza kusema hana habari na mtoto. Mwachieni. Muonyesheni kushika kichwa kisha mtoke hapo, na awe na kitu chake cha kila siku, kuogesha au ile zamu ya usiku ya nepi na kubeulisha, nepi ikivuja ni nguo tu zitafuliwa.

Halafu tunawahi sana kumwacha. Wiki ya kwanza simu haziishi, hongera hongera, mwezi wa pili kimya, wakati hapo ndo anaanza kuzama. Kuna uchambuzi ulitoka 2010 uliounganisha tafiti 43, ukakuta karibu baba mmoja kati ya 10 anapata sonona kuanzia kipindi cha ujauzito mpaka mtoto anafikisha mwaka, na zile tafiti chache zilizopima mtoto akiwa na miezi 3 mpaka 6 zilikuta kama robo ya akina baba. Usishangae, hapo usingizi umekatika miezi, hela zimeyeyuka, na kazini washasahau kwamba una kichanga. Kwa hiyo weka alamu kabisa kwenye simu yako, mtoto akifikisha miezi 4 mpigie jamaa. Na usimuulize mtoto anaendeleaje, hilo kila mtu anauliza, muulize unalala? unakula? Akijibu poa tu, rudia siku nyingine mkiwa mnatembea au mnaosha gari, wanaume tukikalishwa uso kwa uso tunaona kama tuko polisi.

Kliniki nazo zingesaidia. Kuna lile dodoso la Edinburgh la kupima sonona, maswali 10, lilitolewa 1987 kwa ajili ya akina mama na siku hizi linapimia akina baba pia, ila kwa wanaume alama za kushtuka zinawekwa chini zaidi. Baba akileta mtoto chanjo apewe na yeye hayo maswali ajibu, ni dakika chache tu. Mi nina ugomvi nalo kidogo, humo hamna swali hata moja la hasira, sa nesi amuulize hilo kwa mdomo.

Ila msimtwishe mkewe yote haya, naye yuko hoi, na mara nyingi mmoja akizama mwenzie anafuata. Tafuteni mtu akae na mtoto usiku mmoja wote wawili walale, mi naamini usingizi unashinda ushauri mwingi sana. Lakini akianza habari za bora nisingekuwepo, hapo usingizi hautoshi na maneno ya jikaze usithubutu. Muulize wazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo, kaa naye usimwache peke yake na mfikishe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama anacheka anasema alikuwa anatania.