Kihisi cha gesi kimefungwa juu mno

Kaka, umesema mtungi wa bekari yenu pale Ngamiani ulivuja na kihisi kilicho karibu na dari hakikulia. Huenda si kibovu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Kishushe hadi sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. (Juu panafaa kihisi cha gesi nyepesi, kama amonia ya viwanda vya barafu.)

Hapa Tanga chumvi ya bahari hula viunganishi vya waya, kwa hiyo ziba vizuri tundu la kuingizia waya kwenye kihisi, ila si kwa silikoni: mvuke wake huua vihisi vingi vya aina hii. Usikijaribu kwa kiberiti cha gesi, nakusihi. Tumia gesi maalumu ya majaribio. Na mtungi unaovuja utoke nje leo, kabla hujagusa waya wowote.