Mifupa 19 Iliyoniangusha: Kwa Wewe Unayetaka Kutofautisha Dume na Jike

Wiki iliyopita jarida limeikubali makala yangu ya kwanza kuhusu nyonga za mbuzi. Nilipoitangaza habari hiyo, mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili akaniandikia: "Shikamoo dada. Na mimi nataka kutofautisha dume na jike kwa umbo la mfupa. Nianze na programu gani?" Kifua kilinibana. Ndilo swali nililoanza nalo mimi.

Mdogo wangu, tpsDig na MorphoJ ni za bure, na wiki mbili zinakutosha kuzizoea. Unaweka alama kwenye picha ya mfupa, alama zilezile mahali palepale kwa kila mfupa. Kompyuta inazisogeza, inazizungusha na kuzisawazisha ukubwa kwa njia ya Procrustes, linabaki umbo peke yake. Basi. Kazi yenyewe iko machinjioni, na huko ndiko nilikoangukia.

Nilikusanya nyonga 62. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, ndoo mbili za rangi mkononi, nawasihi wachinjaji wasipige shoka katikati ya nyonga. Waliokubali niliwalipa bei ya nyama ya kipande kile, kwa hela yangu ya kula. Kila mfupa niliuzungushia selotepu ya karatasi na kuandika D au J kwa maka peni. Nyumbani nikachemsha kwa sabuni ya unga kwenye sufuria la shughuli. Nilipofunua, selotepu zilikuwa zinaelea juu ya mafuta kama maganda ya kitunguu, wino umekwisha. Mifupa 19 haikuwa na mwenyewe.

Ilipaswa kutupwa. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kwamba nyonga ya mbuzi inasema. Kile kishimo kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja kina ukingo wa ndani, upande wa kinena. Kwa jike ukingo huo ni mwembamba, unaukaribia ukali. Kwa dume ni mnene na umeviringika. Nikakaa kwenye kigoda, nikapitisha kidole gumba mfupa kwa mfupa: huyu D, huyu J, huyu D. Nikaingiza zote kwenye kompyuta. Makundi mawili yakajitenga safi kabisa, nikafurahi hadi nikampigia mama simu.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja akauliza swali moja tu: "Jinsia ya mifupa hii 19 uliijuaje?" Nikajibu ukweli. Akavua miwani. "Binti, jinsia umeitoa kwenye umbo, halafu unatuambia umbo linaonyesha jinsia. Hapa hukupima mbuzi." Ukumbi ukacheka. Alikuwa na haki kwa kila neno, na nimeshalikubali hilo. Lakini ni miaka minne sasa na kicheko kile bado nakisikia, na sioni kwa nini ilibidi nisemeshwe vile mbele ya wadogo zangu wa mwaka wa kwanza.

Nikarudi machinjioni. Safari hii nilikata vibati kutoka kwenye makopo, nikapiga namba kwa msumari, nikavifunga kwa waya, na kila mfupa nikaushonea kipande cha chandarua kabla ya kuuchemsha. Nilisimama mbuzi anapolazwa, kabla ngozi haijatoka, nikaangalia mwenyewe na kuandika. Andika jinsia kabla ya kisu, mdogo wangu. Kabla ya kisu.

Na hapo ndipo nilipoona kosa ambalo hata mtahini hakuliona. Katika daftari langu la kwanza "dume" lilikuwa dume tu, kumbe wengine walikuwa ndafu, yaani madume waliohasiwa. Mbuzi aliyehasiwa akiwa mdogo hukosa homoni za dume, ncha za mifupa yake huchelewa kufunga, miguu hurefuka, na nyonga hukaa kati ya dume na jike. Ukimweka kwenye kundi la mabeberu, unalivuruga kundi zima.

Kisha nikaanza kufunua midomo ya mbuzi, nisome umri kwenye meno. Madume mengi yalikuwa bado na meno ya utoto mbele au jozi moja tu ya meno makubwa, yaani hawajafika miaka miwili. Majike mengi yalikuwa na meno makubwa yote manane ya mbele ya taya la chini, yaani karibu miaka minne na kuendelea. Mfugaji huuza dume mapema na jike humbakiza azae. Kwa hiyo tofauti niliyokuwa naiita ya jinsia, sehemu yake ilikuwa ya umri! Ilibidi nisubiri miezi mingine kuwapata madume wazee wa kulinganisha nao.

Vijana wa sasa mnataka mchoro wenye rangi ifikapo Ijumaa. Acheni haraka. Mfupa usioujua ulikotoka ni wa kutupwa, hata kama ulikunyima chakula cha mchana. Wekeni alama mara tatu kwa siku tofauti, muone mkono wenu unavyotetereka. Rula ikae kimo kimoja na mfupa kwenye picha. Na jinsia, narudia, iandikwe mnyama akiwa bado na ngozi yake.

Vile vibati ninavyo bado, kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, vimeshika kutu kidogo lakini namba zinasomeka. Nimemwandikia mdogo wangu aje Jumamosi achukue 30, na aje na waya wake.