Jiwe likishaachia kamba, sahau duara

Juzi mdogo wangu mmoja wa fomu faivu, PCM (fizikia, kemia, hesabu), hapa hapa Tanga, kaniandikia inboksi: "Shikamoo kaka, sakula mosheni naiweza, projektaili naiweza, wakichanganya tu nakufa." Yaani mwendo wa kitu kinachozunguka duara, na mwendo wa kitu kilichorushwa kikaanguka. Nikafurahi kweli, maana swali la hivyo ndo lilinipa heshima darasani.

Kuna mwalimu, simtaji, alisema mbele ya watu eti nyie wa mtaa wa Ngamiani kombi yenu HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza), yaani fizikia siyo yenu. Mpaka leo ikinijia inauma. Basi siku hiyo kaweka ubaoni: jiwe linazungushwa kwa kamba, duara la mlalo, radiasi mita 0.9, juu ya ardhi mita 1.25, kamba inakatika, jiwe linaangukia mita 4 kutoka chini ya pale ilipokatikia, tafuta akseleresheni (mchapuko) ya kuelekea katikati wakati linazunguka. Watu wote kimya, wanatafuta fomula ya kuunganisha vitu viwili. Haipo! Mi nikanyoosha mkono, maana likizo za Korogwe tulikuwa tunaamia ndege kwenye mpunga kwa kombeo, na mtu aliyerusha kombeo anajua jiwe likitoka haliendelei kuzunguka, linakwenda moja kwa moja kwa tangenti, ule mstari unaogusa duara pale lilipotokea, ndo maana unaachia mkono ukiwa pembeni, siyo ukiwa umeelekea ndege.

Nikaanzia mwisho. Kuanguka mita 1.25, graviti weka 10, 1.25 ni nusu ya 10 mara muda mara muda, basi muda nusu sekunde. Mita 4 gawa kwa nusu sekunde, kasi ni 8. Hiyo 8 ndo kasi iliyokuwa kwenye duara, kamba ikikatika haiongezi wala haipunguzi. Akseleresheni ni kasi mara kasi gawa kwa radiasi: 64 gawa kwa 0.9, unapata kama 71, mita kwa sekunde mraba. Nimekaa. Yule mwalimu akafuta ubao bila kusema kitu, na mi sikuhitaji aseme.

Sasa wadogo zangu, acheni kukariri pasti pepa kama kasida! Chora mchoro, mmoja kutoka juu mwingine kutoka pembeni, uone kasi ndo inayovuka kutoka duara kwenda projektaili. Nasema tena, kasi. Na someni swali vizuri jamani, wakikwambia umbali ni mita 4.1 kutoka chini ya katikati ya duara, hiyo siyo ya kugawa kwa muda, piga Paithagorasi kwanza na radiasi yako ndo upate 4. Mnaruka hapo mnasema pepa gumu, pepa siyo gumu, nyie mna haraka.

Na wewe uliyeniuliza, wakikuletea duara la wima usikimbie. Kamba ikikatika jiwe likiwa chini kabisa linatoka mlalo, kazi ni ile ile, ila tensheni (mvuto wa kamba) hapo inabeba na uzito wa jiwe. Ikikatika kamba ikiwa mlalo, jiwe linapanda wima au linashuka wima, projektaili hamna, hiyo ni ya fomu tuu.