Mafuta ya Mtondoo: Ya Kupaka, Si ya Kunywa

SWALI: Ufukweni kwetu, wilayani Pangani, imesalia mitondoo mikubwa ambayo wazee husema kuwa mbegu zake zilitoa mafuta ya taa na ya kuwachulia wenye baridi yabisi. Mama yangu anasumbuliwa na magoti, na jirani amemshauri ayapake mafuta hayo na pia anywe kijiko kimoja kila asubuhi. Je, ushauri huo ni sahihi, na mafuta yenyewe hutengenezwaje?

JIBU: Nusu ya kwanza ya ushauri wa jirani inafuata desturi ya miaka mingi, nusu ya pili ni ya hatari, na tunamsihi mama asiifuate. Mbegu ya mtondoo ina sumu na mafuta yake si chakula, na katika baadhi ya visiwa vya Pasifiki utomvu wa mti huo ulitumika hata kupaka mishale. Kwa hiyo kila dawa itokanayo na mtondoo ichukuliwe kuwa ni ya juu ya ngozi tu.

Mti huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Calophyllum inophyllum, huota kandokando ya bahari kuanzia pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska, kupitia India na Sri Lanka, hadi visiwa vya Pasifiki, kwa kuwa tunda lake huelea na kusafirishwa na mikondo ya maji. Haupukutishi majani kwa pamoja, bali hubaki wa kijani mwaka mzima, na mbao zake ngumu zimethaminiwa na mafundi wa vyombo vya baharini, hasa kwa milingoti. Huko Tahiti mafuta yake huitwa tamanu, na chupa ndogo yenye jina hilo huuzwa kwa bei kubwa katika maduka ya vipodozi ya Ulaya, ilhali kwetu tondoo huozea mchangani.

Katika nchi hizo zote matumizi yanafanana kwa namna ya kushangaza: kuchua viungo vyenye maumivu, kupaka upele, vidonda vinavyochelewa kupona na ngozi iliyoungua kwa jua. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa mafuta hayo yana viambato vinavyozuia baadhi ya bakteria na kupunguza uvimbe, jambo linaloipa desturi hiyo nguvu, ingawa matokeo ya maabara si sawa na tiba iliyopimwa kwa wagonjwa wengi.

Kuhusu utengenezaji, siri kubwa ni subira. Kiini kibichi cha tondoo hakionyeshi mafuta ya maana. Wengi hukitwanga siku hiyohiyo, wakakata tamaa. Okota matunda yaliyokomaa na kuanguka yenyewe, yavunje, kisha anika viini juani kwa mwezi mmoja hadi miwili, ukiviingiza ndani mvua inaponyesha, mpaka vigeuke rangi ya hudhurungi na kunata mkononi. Hapo ndipo hutwangwa na kukamuliwa, na hutoka mafuta mazito ya kijani yenye harufu kali.

Kabla ya kumchua mama magoti, pakeni tone moja upande wa ndani wa mkono na kusubiri siku nzima, kwani wapo ambao ngozi yao huwasha na kutoka vipele. Msipake karibu na macho. Ikiwa goti limevimba, lina joto na mama ana homa, mpelekeni hospitali kwanza.

SWALI: Mtoto wangu hula kungu zinazoanguka ufukweni. Nitazitofautishaje na tondoo?

JIBU: Kungu ni bapa na ndefu kiasi, na majani ya mkungu huwa mekundu kabla ya kupukutika. Tondoo ni ya mviringo kama gololi kubwa, yenye upana wa sentimita 2 hadi 4, na jani la mtondoo ni gumu, linang'aa na lina mistari myembamba iliyosongamana. Mtoto akila tondoo, mwahisheni kituo cha afya pamoja na tunda lenyewe, msimtapishe nyumbani.

SWALI: Je, mtondoo unaweza kupandwa bara?

JIBU: Unastahimili chumvi, upepo na mchanga, lakini haupendi baridi, hivyo nyanda za juu haziufai. Mbegu iliyobanduliwa ganda kabisa huota baada ya wiki tatu hivi, wakati yenye ganda zima huchukua takriban miezi miwili. Uupande mbali na mahali watoto wadogo wanapochezea.