Maswali ya Wasomaji: Tarehe na Saa Kwenye Hifadhidata

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinalalamikia ripoti inayokaribia ukweli bila kuufikia. Ripoti ya namna hiyo ni hatari kuliko iliyoharibika waziwazi, kwa sababu watu huiamini. Tumechagua barua tano.

Ndugu wahariri, ripoti yangu ya mauzo ya Machi 2024 huwa pungufu kila nikiilinganisha na risiti. Nimeandika `WHERE muda_wa_oda BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'`. Kama BETWEEN inajumuisha mwanzo na mwisho, mauzo ya tarehe 31 yanakwenda wapi?

Ni kweli BETWEEN inajumuisha ncha zote mbili. Lakini safu yako, `muda_wa_oda`, ina tarehe pamoja na saa, na ukiilinganisha na tarehe tupu, hifadhidata inaijazia tarehe hiyo saa 00:00:00. Kwa hiyo mwisho wako ni pale tarehe 31 inapoanza. Oda iliyoingia 00:00:00 kamili itahesabiwa, ila ya 09:14:22 imeachwa nje. Umepoteza karibu siku nzima.

Wengi hulitibu hili kwa kuandika '2024-03-31 23:59:59'. Tafadhali usifanye hivyo. Sekunde ya mwisho nayo ina vipande: hifadhidata ya PostgreSQL huhifadhi hadi tarakimu 6 baada ya nukta, hivyo oda ya 23:59:59.640 itapotea, na kwa kuwa ni moja moja tu zinazopotea, hakuna atakayegundua. Ukiongeza .999 kwenye aina ya `datetime` ya SQL Server, hifadhidata nyingine, unaangukia upande wa pili. Aina hiyo husogeza vipande vya sekunde hadi tarakimu inayoishia na 0, 3 au 7, na 23:59:59.999 inageuka kuwa 1 Aprili saa 00:00:00.000. Kama kuna programu inayoingiza tarehe bila saa kwenye safu hiyo, mauzo yake yote ya 1 Aprili yatahesabiwa Machi.

Andika hivi:

`WHERE muda_wa_oda >= '2024-03-01' AND muda_wa_oda < '2024-04-01'`

Mwanzo umo, mwisho haumo. Huna haja ya kujua mwezi una siku ngapi, wala kama Februari ya mwaka huo ni fupi au ndefu, na hakuna oda inayoweza kuangukia miezi miwili. Ukiwa na shaka na ripoti ya zamani, chukua sharti lake uombe `MAX(muda_wa_oda)`. Jibu likikomea tarehe 30 usiku au tarehe 31 saa 00:00:00, umeshamkamata mwizi.

Usikimbilie `WHERE DATE(muda_wa_oda) = '2024-03-31'` wala `YEAR(muda_wa_oda) = 2024`. Majibu ni sahihi, lakini umeifunga safu ndani ya fomula, na faharasa (index) ya kawaida iliyojengwa juu ya safu hiyo haitumiki tena kuruka moja kwa moja hadi kwenye siku unayoitaka. Jedwali likiwa dogo hutaona tofauti. Likifika mamilioni ya mistari, utaiona.

Safu ikiwa ya tarehe tupu, BETWEEN haina kosa. Ila watumiaji wa Oracle wakumbuke kwamba `DATE` yao inabeba saa, dakika na sekunde. Na kwenye `datetime` ya SQL Server andika '20240301' bila vistari, kwa sababu lugha ya muunganisho ikiwa Kiingereza cha Uingereza, '2024-03-01' husomwa mwaka-siku-mwezi, yaani 3 Januari.

Seva yetu ya PostgreSQL inatumia UTC (saa ya marejeo ya dunia), lakini ripoti ni za tawi la New York. Mauzo yao ya jioni yanaonekana kama ya kesho yake. Tulitoa saa 5 kwenye kila muda, ikakaa sawa, kisha baada ya miezi michache mambo yakaharibika tena.

New York iko nyuma ya UTC kwa saa 5 wakati wa baridi, na kwa saa 4 wakati wa joto. Mwaka 2024 saa zilisogezwa mbele 10 Machi, zikarudishwa nyuma 3 Novemba. Ukitoa saa 5 mwaka mzima, zaidi ya nusu ya mwaka unakosea kwa saa moja. Achana na namba, tumia jina la ukanda wa saa: `America/New_York`. Jina hilo linabeba kanuni zote, za sasa na za miaka iliyopita.

Kabla ya kugusa ulizo (query) lolote, kagua aina ya safu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotelea. Aina ya `timestamptz` haihifadhi ukanda wowote. Inapokea muda, inaugeuza kuwa UTC, na ukiusoma inakuonyesha kwa ukanda wa muunganisho wako. Aina ya `timestamp` inahifadhi tarakimu ulizoiandikia, basi. Sasa `AT TIME ZONE` hufanya kazi mbili zinazopingana: ukiipa `timestamptz`, inakurudishia saa ya ukutani ya ukanda ulioutaja; ukiipa `timestamp`, inachukulia kwamba tarakimu hizo tayari ni saa za ukutani za pale, na inakurudishia muda wa dunia, yaani wa UTC.

Chukua oda ya 2024-07-02 01:30 UTC. Ikiwa kwenye `timestamptz`, `muda AT TIME ZONE 'America/New_York'` inatoa 2024-07-01 21:30, na oda inarudi kwenye siku yake halali. Ikiwa kwenye `timestamp`, maneno hayohayo yanatoa 05:30 UTC ya tarehe 2: umesogea saa 4 kuelekea upande usio wako, na hakuna onyo lolote. Safu ya namna hiyo inahitaji hatua mbili:

`muda AT TIME ZONE 'UTC' AT TIME ZONE 'America/New_York'`

Hiyo ndiyo fomula ya kupanga mauzo kwa siku. Kwa kuchuja, geuza mipaka na uiache safu jinsi ilivyo, ili faharasa iendelee kufanya kazi. Kwa safu ya `timestamptz`:

`WHERE muda >= timestamp '2024-07-01 00:00' AT TIME ZONE 'America/New_York'`
`AND muda < timestamp '2024-07-02 00:00' AT TIME ZONE 'America/New_York'`

Usijenge mpaka wa pili kwa kuongeza saa 24 kwenye wa kwanza. Pale New York, 10 Machi 2024 ilikuwa na saa 23, na 3 Novemba ilikuwa na saa 25. Saa 02:30 ya 10 Machi haikuwahi kuwapo, na 01:30 ya 3 Novemba ilipita mara mbili. Mwenye kuhifadhi saa za ukutani peke yake hawezi kujua oda iliingia mara ya kwanza au ya pili. Ndiyo maana tunasisitiza UTC kwa mambo yaliyokwisha kutokea.

Mambo yajayo ni kesi tofauti. Miadi ya mwaka ujao saa 09:00 ihifadhi kama saa ya pale pamoja na jina la ukanda, kwa kuwa serikali inaweza kubadilisha kanuni za saa kabla siku haijafika, na mteja atafuata saa ya ukutani kwake.

Wa MySQL hutumia `CONVERT_TZ`. Ikirudisha NULL (yaani hakuna thamani) kwa jina la ukanda ulilo na uhakika nalo, majedwali ya kanda za saa hayajapakiwa. Yapakie kwa `mysql_tzinfo_to_sql`. Na aina yao ya `TIMESTAMP` inaishia 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC, kwa hiyo tarehe za mikataba mirefu ziweke kwenye `DATETIME`.

Grafu yetu ya kila siku inaruka siku zisizo na mauzo. Tunataka zionekane kama sifuri.

GROUP BY, inayokusanya mistari katika makundi, haiwezi kubuni siku ambayo haina mstari hata mmoja. Anza na orodha ya siku, kisha uunganishe mauzo:

`SELECT s.siku::date, COUNT(o.id), COALESCE(SUM(o.kiasi), 0)`
`FROM generate_series(date '2024-07-01', date '2024-07-31', interval '1 day') AS s(siku)`
`LEFT JOIN oda o ON o.muda >= s.siku AND o.muda < s.siku + interval '1 day'`
`AND o.hali = 'imelipwa'`
`GROUP BY s.siku ORDER BY s.siku;`

Sharti la `o.hali` limekaa kwenye ON kwa makusudi. Ukilihamishia WHERE, siku tupu zina NULL pale, zinachujwa, na umerudi ulikoanzia. Vilevile ukihesabu kwa `COUNT(*)`, siku tupu itaonyesha 1, kwa kuwa mstari wa siku yenyewe unahesabiwa. Siku hapa zinafuata ukanda wa muunganisho, basi uweke kwanza kwa `SET TIME ZONE`.

MySQL 8.0 haina `generate_series`. Tumia WITH RECURSIVE, ukijua kwamba hukomea mizunguko 1000 usipobadilisha mpangilio. Kwa ripoti za kila siku, sisi tunapendelea jedwali la kudumu la kalenda.

Mteja aliyejiunga 31 Januari sasa anatozwa tarehe 29 kila mwezi. Kwa nini?

Mnaongeza mwezi juu ya tarehe ya malipo yaliyopita. Kwenye PostgreSQL, 31 Januari 2024 ukiongeza `interval '1 month'` unapata 29 Februari, na hiyo ukiiongeza tena unapata 29 Machi. Ile 31 imeshasahaulika. Hifadhi tarehe ya kujiunga, na kila mara hesabu kutoka hapo: `tarehe_ya_kujiunga + n * interval '1 month'`. Machi itarudi 31. `ADD_MONTHS` ya Oracle ina desturi nyingine: siku ya mwisho ya mwezi huenda kwenye siku ya mwisho, hivyo aliyejiunga 30 Aprili atapangiwa 31 Mei.

`DATEDIFF(year, ...)` ya SQL Server inasema mtoto aliyezaliwa 31 Desemba 2023 ana mwaka 1 ifikapo 1 Januari 2024. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Inahesabu mipaka ya mwaka iliyovukwa, na hapo umevukwa mmoja. Kwa umri, toa 1 kama siku ya kuzaliwa haijafika mwaka huo: jaribu kama `DATEADD(year, DATEDIFF(year, kuzaliwa, leo), kuzaliwa)` ni kubwa kuliko `leo`. MySQL ina `TIMESTAMPDIFF(YEAR, kuzaliwa, leo)` inayohesabu miaka iliyotimia, na PostgreSQL ina `age(leo, kuzaliwa)`.